UZI: Mabango ya sinema za zamani na usiku wa Atlanta 1939. Tazama nani kachorwa, kisha tazama nani kaachwa nje

#1 Mkusanya Mabango

Salaam wakuu. Kila nikiweka hapa picha ya bango la sinema ya zamani, swali la kwanza huwa "steling nani?" Si swali baya. Ila kadiri ninavyoyatazama mabango haya ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba yalieleza habari za mlango wa sinema kuliko habari za picha yenyewe: nani anatarajiwa, nani anakaribishwa, nani hatakiwi. Ukilisoma bango kwa jicho hilo, karatasi inageuka ushahidi. Nitaleta mifano kadhaa. Wa Atlanta ndio ulionisukuma kuandika, naomba mnivumilie mpaka tufike huko.

Tuanzie Paris. Tarehe 28 Desemba 1895, picha za ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, zilionyeshwa kwa watu waliolipa kiingilio katika chumba cha chini cha Grand Café, Boulevard des Capucines. Kiingilio kilikuwa faranga 1. Waliolipa siku hiyo walikuwa 33. Picha zilikuwa 10, kila moja haifiki hata dakika moja.

Sasa litazameni bango alilochora Henri Brispot kutangaza maonyesho hayo. Hakuna tukio hata moja la sinema ndani yake. Kuna umati. Watu wamesongamana mlangoni na askari anahangaika kuwapanga. Mwaka 1896 Marcellin Auzolle akachora jingine, na safari hii pazia linaonekana: mtunza bustani kapigwa na maji usoni kwa mpira wake mwenyewe. Hata hapo, sehemu kubwa ya karatasi wamepewa watazamaji waliokaa mbele ya pazia wakicheka.

Wakati ule hakukuwa na steling wa kuuza, waigizaji hata majina hawakuandikwa. Bango lilimwambia mpita njia: wenzako wako ndani, wanafurahi, wewe unasubiri nini huko nje? Tangu siku za mwanzo kabisa, kilichotangazwa ni watu walio ndani.

#2 Mpiga Chaki

Mkuu, nakuunga mkono. Niliendesha kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video mtaani, Mbagala miaka ya 2000. Tangazo langu lilikuwa ubao mweusi na chaki nyeupe: LEO SAA 2 USIKU, jina la picha, jina la msimuliaji, kiingilio. Lakini kilichojaza mabenchi hakikuwa ubao. Nilitundika spika moja nje, juu ya mlango, mtu akipita asikie watu wa ndani wanavyopiga kelele steling akianza kurudisha kipigo. Huyo mchoraji wa Paris alifanya kwa rangi kile tulichokifanya kwa spika.

#3 Mkusanya Mabango

Mpiga Chaki, asante sana, hilo la spika ni hoja yangu yote kwa kifupi.

Mfano wa pili ni Hollywood. Sid Grauman alifungua Egyptian Theatre, Hollywood Boulevard, tarehe 18 Oktoba 1922 kwa picha ya Robin Hood ya Douglas Fairbanks. Wiki chache baadaye, mwezi Novemba, kaburi la Tutankhamun likagunduliwa, dunia nzima ikashikwa na homa ya Misri, naye tayari alikuwa na jengo lenye nguzo na michoro ya kifirauni. Tiketi ya usiku wa kwanza ilikuwa dola 5, wakati sinema ya kawaida ililipiwa kwa senti.

Ubunifu wake mkubwa naona ulikuwa ule ua wa mbele. Hakuupeleka mlango barabarani kama wengine. Aliacha ua mrefu wa wazi kati ya barabara na jengo, kwa hiyo kila mwigizaji aliyeshuka kwenye gari ilimlazimu autembee wote huku umati unamtazama, na taa kubwa za kurunzi zinapasua anga. Aliporudia kazi hiyo kwenye Chinese Theatre, iliyofunguliwa tarehe 18 Mei 1927 kwa picha ya The King of Kings ya Cecil B. DeMille, akaongeza nyayo na viganja vya waigizaji kwenye saruji ya uani. Watu wanaenda kuvikanyaga hadi leo.

Fikirini jinsi ilivyofanya kazi. Wenye tiketi ni wachache, wasio na tiketi wako maelfu. Bila wale maelfu hakuna usiku wa uzinduzi, kuna watu waliovaa vizuri wanaingia jengoni tu. Aliyesimama nje bure ndiye aliyempa aliyelipa fahari ya kuingia. Mazulia mekundu na kamera za televisheni tunazoziona leo zimefuata njia hiyo hiyo.

#4 Dada wa Magomeni

Kaka, uzi mzuri. Naomba unifafanulie kitu kimoja kabla hujafika huko Atlanta. Haya mabango yalifikaje miji yote hiyo? Kila sinema ilijichorea yake? Na kwa nini mengine leo yanauzwa bei ya nyumba?

#5 Mkusanya Mabango

Dada, swali lako ni la msingi.

Kampuni za Marekani zilichapisha makao makuu, zikasambaza pamoja na mikanda. Bango la kawaida lilikuwa inchi 27 kwa 41, lilikunjwa likatiwa kwenye bahasha, ndiyo maana mabango mengi halisi ya zamani yana mistari ya mikunjo. Kulikuwa na kadi za ukumbini, inchi 11 kwa 14, kwa kawaida seti ya kadi 8, zilizopangwa sebuleni mwa sinema ili anayesubiri tiketi aone matukio ya picha. Yale makubwa ya barabarani yalikuja vipande vipande, vinagandishwa ukutani kuunda picha moja.

Ninazozipenda kuliko zote ni kadi za madirishani, inchi 14 kwa 22. Hizi ziliwekwa kwenye madirisha ya maduka na vinyozi. Sehemu ya juu iliachwa tupu makusudi, mwenye sinema wa mji husika achape hapo jina la sinema yake na siku za kuonyesha. Kampuni ikatengeneza nusu, mji ukamalizia nusu. Ukiipata kadi iliyojazwa sehemu hiyo ya juu, unajua picha ile ilifika mji ule, sinema ile, siku ile. Wapo wakusanyaji wanaosikitika kwamba maandishi hayo yanaharibu mchoro. Mimi naona bila hayo mchoro hauna anwani.

Pamoja na mabango kilikuja kitabu cha matangazo, kina vipande vya gazeti vilivyokwisha kupangwa tayari kuchapwa, na mawazo ya vituko vya mtaani vya kuvutia watu. Tangu 1940 kazi kubwa ya kusambaza vifaa hivi ilishikwa na kampuni ya National Screen Service. Vilikodishwa. Ukimaliza unavirudisha, vinakwenda mji mwingine, mpaka karatasi inachakaa. Ikaja vita kuu ya pili na makampeni ya kukusanya karatasi, mengi yakasagwa. Hakuna aliyekusudia yadumu.

Hapo ndipo bei inapotoka. Bango la Dracula ya 1931 liliuzwa mwaka 2017 kwa dola 525,800, kwa sababu yaliyosalia yanahesabika kwa vidole. Na baadhi yalipona kwa kusahaulika tu. Mwaka 2011, huko Berwick, Pennsylvania, yalipatikana mabango 33 ya miaka ya mwanzo ya 1930 darini kwenye nyumba, yamegandana kwa gundi ya karatasi za ukutani kwa sababu sinema ilikuwa inabandika jipya juu ya la zamani. Yakabanduliwa kwa mvuke moja moja, mwaka uliofuata yakauzwa kwa jumla ya zaidi ya dola 500,000.

Sasa twende Atlanta.

#6 Mkusanya Mabango

Tarehe 15 Desemba 1939, Loew's Grand Theatre, mtaa wa Peachtree, Atlanta, Georgia. Picha ni Gone with the Wind, habari za Kusini mwa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, iliyotolewa kwenye riwaya ya Margaret Mitchell ya 1936, yeye mwenyewe mtoto wa mji ule. Mtayarishaji ni David O. Selznick.

Sherehe zilikwenda siku tatu, chini ya usimamizi wa meya William Hartsfield. Gavana akatangaza siku ya mapumziko kwa jimbo zima. Waigizaji wakuu, Clark Gable na Vivien Leigh, walipowasili, njia kutoka uwanja wa ndege hadi mjini ilijaa watu. Makadirio yaliyozoeleka ni watu 300,000. Mbele ya sinema zikajengwa nguzo nyeupe ndefu, jengo likafanana na nyumba za matajiri wa mashamba ya pamba wa kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kiingilio dola 10. Wazee wachache waliopigana upande wa Kusini, upande uliotetea utumwa, waliletwa wakiwa wageni wa heshima, na ukumbi ukawashangilia.

Yaani sinema yote, kuanzia kuta zake, iligeuzwa kuwa tangazo. Ukipita mtaani huoni bango la picha. Unaona mji umevaa nguo za picha.

Hattie McDaniel, mwigizaji mweusi aliyecheza nafasi ya Mammy, mtumwa wa nyumbani, hakuwepo.

Hakuugua wala hakuwa safarini. Sheria za ubaguzi za Georgia hazikumruhusu kuketi na weupe ndani ya Loew's Grand, na hoteli waliyofikia wenzake isingempokea. Waigizaji wote weusi wa picha ile waliachwa. Inaelezwa kwamba Gable alitishia kususa, na McDaniel mwenyewe ndiye aliyemwomba aende.

Kisha tazameni kitabu cha kumbukumbu, kile kilichouzwa ukumbini usiku wa uzinduzi. Picha yake ilikuwa imepangwa kutokea kwenye jalada la nyuma. Kwa ajili ya Atlanta ikaondolewa. Wiki mbili baadaye, tarehe 28 Desemba, picha ilipozinduliwa Carthay Circle Theatre mjini Los Angeles, McDaniel alihudhuria, na kitabu cha huko kilikuwa na sura yake.

Picha ni ile ile, mkanda ni ule ule, karatasi zimetengana. Ukivishika vitabu vyote viwili mkononi huhitaji mtu akuhadithie sheria za Georgia, jalada linakwambia. Tangazo la sinema lina aliyechorwa na lina aliyefutwa, na wa pili humwoni mpaka uweke nakala mbili pamoja.

#7 Mwalimu wa Zamu

Ndugu Mkusanya, ongeza na la usiku wa kabla yake. Tarehe 14 Desemba kulikuwa na dansi kubwa ya chama cha wanawake cha Junior League kwenye ukumbi wa manispaa, weupe peke yao. Waliotumbuiza ni kwaya ya kanisa la Ebenezer Baptist, weusi, wamevalishwa kama watumwa, nyuma yao pazia lenye mchoro wa nyumba ya shambani. Ndani ya kwaya ile alikuwamo mtoto wa miaka 10. Jina lake Martin Luther King. Mama yake ndiye aliyekuwa anaongoza muziki kanisani, baba yake ndiye mchungaji.

Nikiwafundisha wanafunzi wangu hili darasa zima hunyamaza, halafu mikono inanyooka yote kwa pamoja.

#8 Shahidi wa Tatu

Mwalimu, hapo nina tatizo. Baba yake alikubali vipi? Mtu mwenye msimamo, kiongozi wa watu, anaipeleka kwaya ikawaimbie wale wale wasiowaruhusu kuketi?

#9 Mwalimu wa Zamu

Wachungaji wenzake walimuuliza hilo hilo, tena kwa ukali. Umoja wa wachungaji Wabaptisti weusi wa Atlanta ulimlaumu wazi wazi, kwanza kwa ubaguzi wa hafla yenyewe, pili kwa sababu ilikuwa dansi yenye pombe. Kwa hiyo hasira yako, Shahidi, ilikuwepo Atlanta mwaka ule ule, wala haikusubiri sisi tuje na hekima ya leo. Magazeti ya weusi nayo yaliishambulia picha, na kwenye baadhi ya miji, Washington na Chicago ikiwemo, watu walisimama na mabango ya kupinga nje ya sinema. Bango dhidi ya bango, mlango ule ule.

Mimi simhukumu mzee King. Mji ulikuwa na wenye nguvu wake, kanisa lilikuwa linaishi kati yao. Ila siwezi pia kusema haikuwa na maumivu.

#10 Shahidi wa Tatu

Nimekuelewa, Mwalimu. Lakini Gable nitamlaumu. Angesusa kweli, kesho yake lingekuwa kwenye kila gazeti.

#11 Mkusanya Mabango

Shahidi, hapo ningependa tumsikilize mwenye jambo. McDaniel ndiye aliyepima. Alikuwa na kazi ya kulinda huko Hollywood, ambako nafasi za mtu mweusi zilikuwa mtumishi, mtumwa au kichekesho. NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani, chini ya Walter White, walimkosoa kwa kuzikubali nafasi hizo, na ukosoaji ule ulikuwa na hoja. Naye alikuwa na maisha yake. Yote mawili yanasimama.

Tarehe 29 Februari 1940 akashinda Oscar, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Hafla ilikuwa hoteli ya Ambassador, Los Angeles, ambayo haikupokea weusi. Selznick ilimbidi aombe McDaniel aruhusiwe kuingia. Akawekwa kwenye meza ndogo pembeni, mbali na wenzake wa picha. Akatoka kwenye meza hiyo kwenda kuchukua tuzo, akarudi kwenye meza hiyo.

Jambo moja linaniuma kila nikilikumbuka. Baba yake, Henry McDaniel, alizaliwa mtumwa akapigana vita ile ya wenyewe kwa wenyewe kwenye jeshi la Kaskazini. Atlanta wakawashangilia wazee waliopigana kumzuia asiwe huru, na binti yake hakuruhusiwa mlangoni.

Aliiachia tuzo Chuo Kikuu cha Howard. Ikapotea huko, haijaonekana tena. Mwaka 2023 Academy, wale watoaji wa Oscar, ikakipa chuo tuzo mbadala.

#12 Nipo Georgia

Wakuu, mimi naishi huku Atlanta, niongeze kidogo. Loew's Grand haipo tena. Liliungua Januari 1978, leo pale pamesimama ghorofa la Georgia-Pacific. Ukitaka kuelewa mlango ulikuwaje, nenda Fox Theatre, mtaa huo huo wa Peachtree, lililofunguliwa Desemba 1929. Lina uzuri wa ajabu, ndani limetengenezwa kama ua wa ngome ya Kiarabu chini ya anga lenye nyota. Lakini weusi walikuwa na kibanda chao cha tiketi na ngazi zao za nje, zinawapeleka moja kwa moja juu kabisa. Mtu angeweza kuhudhuria miaka yote bila kuipita ile sebule ya dhahabu hata mara moja.

Na hawakujifunza kitu kwa Hattie. Tarehe 12 Novemba 1946 Walt Disney alizindua Song of the South hapo hapo Fox. Mwigizaji mkuu alikuwa James Baskett, mtu mweusi. Hakuhudhuria, kwa sababu ile ile. Mwaka 1948 akapewa Oscar ya heshima, mwaka huo huo akafariki.

#13 Mwalimu wa Zamu

Tusiishie kwenye waliofungiwa tu, kuna waliojenga mlango wao. Oscar Micheaux, mkulima wa Dakota Kusini aliyejifanya mwandishi, alikusanya mtaji kwa kuwauzia hisa wakulima, akatengeneza The Homesteader na kuizindua Chicago tarehe 20 Februari 1919, kwenye ukumbi wa kikosi cha nane cha jeshi, kikosi cha askari weusi. Matangazo yake yalikuwa kwenye gazeti la Chicago Defender, yakiwaita weusi waje kujiona wenyewe kwenye pazia. Kisha akawa anasafiri mji hadi mji na mikanda na mabango yake, anawashawishi wenye sinema uso kwa uso. Picha ile imepotea, hakuna nakala inayojulikana. Tunayo matangazo. Hapo ndipo naona thamani ya kazi anayoifanya mleta uzi.

#14 Binti Vuga

Assalaam aleikum. Nimesoma yote, na nimekaa nikafikiri kuhusu kwetu Unguja. Sinema ya Royal ilifunguliwa Vuga mwaka 1921, jengo lilichorwa na Sinclair, yule yule aliyechora majengo mengi ya serikali mjini. Baadaye ikaitwa Majestic, ikaungua, ikajengwa upya miaka ya 1950 kwa mtindo wa kisasa wa wakati ule, na hilo ndilo jengo mnaloliona leo limechoka. Wenye sinema walikuwa wafanyabiashara wa hapa hapa.

Kwetu kilichowatenganisha watu ndani ya ukumbi ni bei ya kiti. Mbele karibu na pazia rahisi, juu roshani ghali. Siku ya Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya familia, na wazee wangu wanahadithia nguo zilizoshonwa kwa ajili hiyo tu. Mwarabu, Mswahili, Mhindi, Mngazija, wote wanalia pamoja Raj Kapoor akisulubika kwenye Awara. Sisemi Unguja haikuwa na tabaka, ilikuwa nayo na sote tunajua ilipofika. Nasema mlango wa sinema ulikuwa na desturi tofauti na wa Atlanta, na ni haki kuliandika hilo pia.

#15 Wa Ngara

Binti Vuga, Nairobi hatukuwa na bahati hiyo. Kenya ya mkoloni, wakaguzi wa filamu waliweza kuipitisha picha kwa Wazungu na Wahindi halafu waizuie kwa Waafrika. Bango linatundikwa mjini, mtu analisoma vizuri, na haliko kwa ajili yake.

Na majengo nayo yamepita mengi. Shan ya pale Ngara, iliyokuwa ngome ya picha za Kihindi, siku hizi ni Sarakasi Dome, vijana wanafanya mazoezi ya sarakasi na ngoma. Kwangu huo ni mwisho mwema. Nyingi zimekuwa makanisa au maduka. Fox Drive-In ya Thika Road kizazi cha sasa kinaijua kwa kuhadithiwa tu.

#16 Mpiga Chaki

Na Drive-In yetu ya Dar, Msasani, ilifunguliwa 1966. Sasa hivi pale ni Ubalozi wa Marekani, tangu 2003. Mtaa wenyewe watu bado wanaelekezana kwa kutaja Drive-In.

#17 Mpenzi wa Kihindi

Mmemtaja Raj Kapoor, siwezi kunyamaza. Uzinduzi ninaouheshimu kuliko hata wa Grauman ni wa Mughal-e-Azam, tarehe 5 Agosti 1960, Maratha Mandir, Bombay. Mkanda ulipelekwa sinema juu ya tembo aliyepambwa. Watu walipiga foleni kwa siku kadhaa, wanalala pale pale, wanaletewa chakula na ndugu zao. Sebule ilipambwa kama kasri ya Mughal.

Na mabango ya Bombay yalichorwa kwa mkono. Wachoraji wanapanda jukwaa la mianzi, uso wa mwigizaji una urefu wa ghorofa, anachora karibu kabisa na turubai bila kuweza kuuona wote, anategemea miraba aliyopiga mwanzo. M.F. Husain, mchoraji mkubwa wa India, alianzia huko, akichora mabango ya sinema ili apate kula. Mvua ikija rangi inaondoka, picha ikitoka turubai linapakwa chokaa, linachorwa nyingine. Mkusanya, hayo huwezi kuyakusanya hata ukiwa na fedha.

#18 Mkusanya Mabango

Kweli kabisa, yamebaki kwenye picha za mtaani tu, pale mpiga picha alipokuwa anapiga kitu kingine na bango likaingia nyuma. Natafuta sana picha za aina hiyo. Mwenye albamu ya familia iliyopigwa karibu na Majestic ya Unguja au ya Tanga, Avalon au Empire za Dar, Regal au Naaz za Mombasa, atazame ukutani nyuma ya watu.

Binti Vuga na Wa Ngara, mmenisaidia kuona kwamba swali la nani kaachwa lazima liulizwe mji kwa mji. Jibu la Atlanta haliwezi kuwa jibu la Vuga, na la Vuga haliwezi kuwa la Nairobi, hata kama bango lililotundikwa lilitoka kiwanda kimoja.

#19 Dada wa Magomeni

Kaka, nilikuwa nasita kuuliza. Marehemu mjomba wangu alikuwa anaendesha mashine sinema moja mjini. Kuna sanduku lake kwa shangazi, lina mabango yamekunjwa, ya Kizungu na ya Kihindi, mengine yameanza kuchanika kwenye mikunjo. Shangazi anataka kuyapeleka yakawekewe plastiki ya moto ili yasiharibike zaidi. Nimwambie nini?

#20 Mkusanya Mabango

Dada, mpigie leo! Asiyapeleke. Plastiki ile ya moto haitoki tena, na gundi yake inaila karatasi. Asiweke selotepu kwenye machano, inageuka njano na kuacha doa la mafuta. Asiyapige pasi.

Myatoe sandukuni mkiwa na mikono mikavu na safi, juu ya meza iliyotandikwa shuka jeupe. Lifungueni kila moja mara moja tu, taratibu, likigoma msilazimishe. Lipigeni picha mbele na nyuma. Nyuma ni muhimu sana, kwa sababu sinema nyingi ziligonga muhuri au kuandika kwa penseli tarehe na ukumbi. Ya Kimarekani ya kuanzia miaka ya 1940 tazameni pembe ya chini kulia, kwa kawaida kuna namba kama 58/ halafu tarakimu nyingine: zile mbili za kwanza ni mwaka, yaani 58 ni 1958, na herufi R ikitangulia maana yake picha ilirudishwa sokoni mara ya pili. Ya Kihindi tafuteni maandishi madogo kabisa chini, hapo huwa kuna jina la kiwanda cha uchapaji na mji.

Kisha yalazeni bapa, katikati mweke karatasi nyeupe isiyo na tindikali. Mkikosa, kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato. Mbali na dirisha, mbali na ukuta wenye unyevu, na juu kidogo ya sakafu kwa ajili ya mchwa.

Na kabla ya yote hayo, mkae na shangazi mumuulize mjomba alifanya kazi sinema gani, miaka ipi, na kama aliwahi kutaja usiku ambao watu walijaa kupita kiasi. Andikeni anavyosema, kwa maneno yake.

#21 Dada wa Magomeni

Nimempigia, amekubali kusubiri. Jumamosi naenda na shuka na simu ya kupigia picha. Nitaanza na ya Kihindi maana ndiyo yaliyo juu.